Mbuzi dume asiyekojoa hangoji kesho

Inatokea hivi katika lupango nyingi za Kasongo na Kabambare. Asubuhi mbuzi dume anakutwa amesimama peke yake, mgongo umepinda, miguu ya nyuma imetanuka, mkia unachezacheza. Anajikaza, analia kidogo, hakuna kitu kinatoka. Mwenye mbuzi anafikiri tumbo limefunga. Yanatafutwa majani ya kuharisha, mbuzi ananyweshwa. Jioni amelala chini, hataki kula. Siku ya pili amevimba chini ya tumbo, na siku ya tatu amekufa. Kisha maneno yanaanza: jirani alipita hapa, jirani alimwangalia mbuzi yule vibaya. Kama ni ugonjwa, watu wanauliza, juu ya nini majike hawakuguswa, na wote wanakula chakula kimoja?

Swali hilo ni zuri, na lina jibu. Mara nyingi mbuzi wa namna hiyo hakuwa na tumbo lililofunga, wala hakulogwa. Njia yake ya mkojo ndiyo iliziba. Jike anaweza kula chakula kile kile bila kupata shida, kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi na pana. Ya dume ni ndefu, nyembamba, imekunjwa, na mwisho wake umefichwa ndani ya mfuko wa ngozi ambao watu wengi hawauangalii hata siku moja.

Katika Maniema ya kusini hasara hiyo si ndogo. Mbuzi ndiye benki ya wengi. Anauzwa kwa kulipa shule, kwa kulipa hospitali, anatolewa kwa mahari, anachinjwa kwa matanga. Katika Kabambare, jamaa nyingi zilikimbia vijiji vyao kwa sababu ya usalama mdogo, na zilipotoka porini zilianza tena na mbuzi mmoja au wawili. Hapo mara nyingi dume mmoja anapandia majike wa nyumba kadhaa. Akifa huyo, kizazi cha mwaka mzima kinasimama.

Namna mwili wa dume ulivyo

Chini ya tumbo la mbuzi dume au kondoo dume kuna mfuko wa ngozi, na mlango wake una nywele. Uume unalala ndani ya mfuko huo na unatoka wakati wa kupanda jike. Kwa wanyama hawa uume hauko sawa kama bomba moja lililonyooka. Ndani ya mwili unajikunja kama herufi S, na kwenye ncha yake kuna kijimkia chembamba, chenye urefu wa sentimeta chache, ambamo mkojo unapita mwisho kabisa. Hapo ndipo njia ni nyembamba kuliko mahali pengine pote. Kijiwe kidogo kama punje ya mchanga kinaweza kukwama hapo.

Mwana mbuzi dume anazaliwa na uume ulioshikana na ngozi ya ndani ya mfuko. Vinaachana polepole anapokaribia kubalehe, kwa nguvu za homoni za kiume. Kwa hiyo hakuna haja ya kuvuta au kufungua mfuko wa mwana mbuzi mdogo ili kumsafisha. Akivutwa kwa nguvu, anachanika na kupata kidonda ambacho hakikuwepo.

Tena, si kila harufu ni ugonjwa. Mbuzi dume anapowaka kwa ajili ya majike anajikojolea kwenye miguu ya mbele, kifuani na kwenye ndevu. Ananuka mpaka ng'ambo ya barabara. Hiyo ni tabia yake ya kuita majike, na kumwosha kila siku ni kazi bure. Jambo la kuangalia ni kama mkojo unatoka kwa mfululizo mzuri, kama mlango wa mfuko ni mkavu bila kidonda, na kama dume anakula na kutembea kama kawaida.

Mkojo unapochoma ngozi

Ugonjwa wa kwanza wa sehemu hii unaanza na chakula kizuri kilichozidi. Majani ya kalanga, maharagi, soya na majani ya muhogo yana protini nyingi. Kwa jike anayenyonyesha ni msaada mkubwa. Lakini dume asiye na kazi nyingi akipewa hivyo kila siku, mwili wake hauwezi kutumia protini yote. Ile inayobaki inatupwa kwa mkojo, katika umbo la kitu kinachoitwa urea.

Ndani ya mfuko na kwenye nywele za mlango wake wanaishi mikrobi wa namna nyingi. Wengine wana uwezo wa kugeuza urea kuwa amonia. Amonia ndiyo ile harufu inayochoma macho mtu anapoingia asubuhi katika nyumba ya mbuzi isiyofagiwa. Sasa harufu hiyo hiyo inatengenezwa juu ya ngozi laini, mchana na usiku. Ngozi inaungua, inafanya vidonda, vidonda vinafanya magaga. Magaga yakikua yanaweza kuziba mlango wa mfuko. Mkojo unabaki ndani, mfuko unavimba, nzi wanafika, na baada ya siku chache kuna funza.

Wanaopata zaidi ni madume waliohasiwa na kondoo dume walionenepeshwa. Dume aliyehasiwa mapema mara nyingi hawezi kutoa uume vizuri, basi anakojoa ndani ya mfuko wenyewe. Nywele ndefu za mlangoni na kitanda chenye maji vinaongeza shida. Ugonjwa huu unaweza kupita pia toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa kulala mahali pamoja penye uchafu au kwa kupandana.

Dalili zinaonekana kwa macho: mlango wa mfuko umekuwa mwekundu au una magaga, nywele zimeshikana, mkojo unatoka kwa matone, dume anajipiga teke tumboni, au anakataa kupanda majike ingawa mbele ya hapo alikuwa mkali.

Ukionekana mapema, ugonjwa huu unatibika. Jambo la kwanza si dawa, ni chakula. Mfugaji anapashwa kupunguza yale majani yenye protini nyingi na kumrudisha dume kwenye nyasi za kawaida. Kisha amtenge mahali pakavu, akate nywele za mlango wa mfuko kwa makasi, bila kuzinyoa kabisa, kwa sababu nywele fupi zinasaidia mkojo kutiririka mbali na ngozi.

Kwa kuosha, maji yachemshwe kwanza, yaachwe mpaka yawe vuguvugu. Katika litri moja inawekwa chumvi ya kupikia, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Mtu mmoja anamshika mbuzi, mwingine analainisha magaga kwa kitambaa safi kilicholoana mpaka yaachie yenyewe. Gaga lisilotaka kutoka linaachwa kwa kesho. Likibanduliwa kwa nguvu damu inatoka na kidonda kinaanza upya. Kazi hii inafanywa mara moja kwa siku, kwa siku chache, mpaka ngozi ipone. Kama kuna usaha, funza, au uvimbe mkubwa, huo si ugonjwa wa kutunza nyumbani peke yake. Veterineri anapashwa kuitwa, kwa sababu hapo dawa ya kuua mikrobi inaweza kuhitajika, na kipimo chake kinahesabiwa kwa uzito wa mnyama.

Vitu vingine havifai kabisa, hata kama vinasifiwa sokoni: javeli, esanse, maji ya betri, mafuta ya taa, au chumvi kavu iliyosukumwa ndani ya kidonda. Vinaua ngozi iliyo nzima pamoja na ile yenye ugonjwa.

Pumba ya mchele na mawe

Ugonjwa wa pili ni ule wa mwanzo wa habari hii, na ndio unaoua haraka. Kasongo ni inchi ya mpunga. Kilimo hicho kilipanuka huku wakati wa Waswahili na Waarabu waliotoka pwani katika karne ya 19, na mpaka leo mashini za kukoboa zinatoa pumba. Pumba ni rahisi kupata, mbuzi anaipenda, na inanenepesha. Kwa hiyo dume anayetayarishwa kuuzwa, au kondoo anayetayarishwa kwa Idi ya kuchinja, anafungwa kamba nyumbani na kupewa sahani ya pumba asubuhi na jioni.

Pumba ina fosforo nyingi sana na kalsiyumu kidogo sana. Mwili wa mbuzi unataka kinyume: kalsiyumu izidi, karibu mara mbili ya fosforo. Mbuzi anayekula nyasi na majani anatafuna kwa muda mrefu, anacheua, anatoa mate mengi. Kwa njia ya mate hayo fosforo inayozidi inarudi tumboni na kutoka na mavi. Mbuzi anayekula pumba anatafuna kidogo, mate yanapungua, na fosforo inachukua njia ya mkojo.

Ndani ya kibofu fosforo hiyo inashikana na vitu vingine vya mkojo na kufanya chembe ngumu kama mchanga. Kama mbuzi anakunywa maji mengi, chembe zinatoka zikiwa bado ndogo. Kama anakunywa kidogo, mkojo unakuwa mzito na chembe zinakua. Siku moja, moja kati yao inakwama kwenye kijimkia cha ncha, au kwenye ule mkunjo wa herufi S. Mbuzi aliyeonekana ana afya kuliko wengine wote ndiye anayeanguka. Na kwa sababu ni yeye aliyekuwa mnene, watu wanasema wivu umemuua.

Wakati wa kiangazi hatari inaongezeka, kwa kuwa maji yako mbali na dume aliyefungwa kamba hana namna ya kuyafuata. Wanaochunga mbuzi ovyo porini wanapata shida hii mara chache zaidi, kwa sababu mbuzi wao wanakula majani ya namna nyingi na pumba hawaioni.

Saa ambazo hazirudi

Kabla njia haijaziba kabisa, mwili unatoa taarifa. Kwenye nywele za mlango wa mfuko zinaonekana chembe nyeupe, zikishikwa kwa vidole ni kama mchanga. Mkojo unatoka kwa matone, wakati mwingine una damu. Mbuzi anasimama muda mrefu akikojoa, anasaga meno, anajiangalia ubavuni, analala na kuamka mara nyingi.

Njia ikiziba kabisa, kibofu kinajaa. Kati ya siku moja na tatu kibofu au njia yenyewe inaweza kupasuka. Hapo kunatokea jambo linalodanganya wengi: mbuzi anaacha kulia, anaonekana amepoa. Maumivu ya kibofu kilichojaa yamekwisha kwa sababu kibofu kimepasuka, na mkojo unamwagika ndani ya mwili. Anakufa siku zinazofuata. Mwenye mbuzi anasema, "Alikuwa amepona, kisha amekufa ghafula."

Kujua kama ni mkojo au ni tumbo si vigumu. Mbuzi anatengwa mahali pakavu, juu ya majivu au udongo mkavu uliofagiwa, na anaangaliwa kwa saa moja au mbili. Kama mavi yanatoka lakini udongo unabaki mkavu, na mbuzi anajikaza, ni njia ya mkojo. Siku hiyo hiyo anaitwa veterineri. Kama ni usiku, anaitwa alfajiri, si baada ya soko.

Wakati wa kungoja, pumba inaondolewa mbele yake. Majani ya kuharisha hayafai, yanamkausha zaidi. Kumlazimisha anywe bidoni ya maji ni hatari, kwa sababu kibofu kilichozibwa kinajazwa zaidi. Kuingiza kijiti, uzi au sindano ndani ya njia kunaitoboa. Kukandamiza tumbo kwa mikono kunaweza kupasua kibofu pale pale.

Veterineri akifika mapema anaweza kumkalisha mbuzi kwa matako, kuutoa uume taratibu, na kukata kile kijimkia cha ncha kama kijiwe kimekwama hapo. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu aliyeisomea, na kwa kawaida dume anaendelea kuzalisha baadaye. Kama jiwe liko juu zaidi, shida ni kubwa, na mara nyingi linarudi. Hapo veterineri na mwenye mbuzi wanashauriana kama ni afadhali kumchinja angali mzima, nyama ikaguliwe, kuliko kungoja kibofu kipasuke na nyama yote inuke mkojo. Kama mnyama alikwisha kuchomwa sindano ya dawa, nyama haiwezi kuliwa mara moja. Veterineri ndiye anayesema siku ngapi za kungoja, na swali hilo liulizwe kabla ya sindano.

Kuhasi mapema kuna bei yake

Wengi wanahasi madume wakiwa wadogo sana ili wanenepe na wasinuke. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini njia ya mkojo ya dume inapanuka kwa nguvu za homoni za kiume, na zile homoni zikiondolewa mapema, njia inabaki nyembamba kwa maisha yote. Dume aliyehasiwa akiwa na wiki chache, kisha akapewa pumba kila siku, anatembea karibu sana na ule ugonjwa wa mawe.

Kwa hiyo waganga wa nyama wengi wanashauri kungoja mpaka dume awe na miezi mitatu au minne hivi. Kungoja nako kuna masharti: katika umri huo dume mdogo anaweza tayari kupanda jike, hata dada yake au mama yake. Anapashwa kutengwa na majike mpaka kazi ifanyike. Kazi yenyewe inafaa ifanywe na mtu anayeijua, kwa koleo kubwa inayoponda mishipa bila kufungua ngozi, au kwa wembe mpya na mikono iliyooshwa. Kidonda kichafu cha kuhasi kinaweza kuleta pepopunda, na huo karibu hauna kupona.

Kuosha sana nako ni kosa

Mtu akisikia habari hizi anaweza kusema: basi kila juma dume aoshwe ndani ya mfuko kwa sabuni. Hapana. Jambo hili limebishaniwa kwa miaka mingi na wenye kufuga farasi, na mazoezi yao yanasaidia kuelewa.

Farasi dume naye ana mfuko, mkubwa kuliko wa mbuzi, na ndani yake kunatengenezwa utando laini wa rangi ya majivu, uliochanganyika na mafuta ya ngozi, jasho na vumbi. Wakati mwingine utando huo unakauka karibu na tundu la mkojo na kufanya donge kama punje ya haragi. Zamani wafugaji wengi waliosha mara kwa mara kwa sabuni kali. Siku hizi madaktari wa farasi wengi wanasema kiasi fulani cha utando huo ni ulinzi wa ngozi, na kwamba mikrobi wa kawaida wa mahali pale wanazuia wabaya wasiingie. Sabuni kali inawafukuza wote, na wanaorudi wa kwanza si wazuri kila mara. Ushauri wao ni kuangalia mara nyingi na kuosha mara chache, kwa maji ya vuguvugu, pale tu kuna sababu: donge, uvimbe, kidonda, harufu mpya, au damu. Kwa farasi wazee kidonda kisichopona mahali hapo kinaweza kuwa mwanzo wa saratani, na kukigundua mapema kunasaidia.

Katika Lamu, kwenye pwani ya Kenya, ambako barabara za mji wa kale ni nyembamba na punda ndio wanabeba mchanga, mawe na mizigo ya nyumba, shirika la Donkey Sanctuary lina kituo cha matibabu ya punda tangu mwaka 1987. Kwa punda wa kazi pia sheria ni ile ile: mwenye punda anayeangalia chini ya tumbo kila siku anapofungua mizigo anaona kidonda kabla nzi hawajakiona.

Wakaaji wa Kasongo wanaweza kuuliza juu ya nini huku hakuna farasi wala punda. Misafara ya pwani iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 ilijaribu kuja na punda wachache wa kupanda, lakini mizigo yenyewe ilibebwa kwa mabega ya watu. Sababu kubwa ni nzi wa tsetse, yaani mbung'o. Anabeba vijidudu vinavyoua farasi haraka na kudhoofisha punda. Ni jamaa ya vijidudu vile vile vinavyoleta ugonjwa wa usingizi kwa watu, ambao Maniema ya kusini inaujua tangu zamani. Na moja ya dalili za farasi aliyeumwa na tsetse ni uvimbe wa mfuko wa uume na chini ya tumbo. Mtu asiyejua angemwosha kila siku, kumbe ugonjwa uko katika damu.

Kwa mbuzi na kondoo somo ni hilo hilo. Maji na chumvi ni kwa mfuko wenye magaga. Mfuko ulio mzima unaachwa. Na uvimbe ambao hauna kidonda wala magaga unatafutiwa sababu kwanza: kupe aliyejificha penye ngozi laini, mwiba, kamba iliyopita chini ya tumbo, njia ya mkojo iliyopasuka, au ugonjwa wa mwili mzima.

Kazi ya kila siku

Kuzuia kunagharimu kidogo kuliko dume mmoja aliyekufa. Maji safi yawepo mbele ya mbuzi aliyefungwa, asubuhi mpaka jioni, na chombo kioshwe, kwa kuwa mbuzi anakataa maji yenye mavi. Chumvi kidogo ya kulamba inamfanya anywe zaidi. Nyasi na majani ya namna mbalimbali ziwe chakula chenyewe. Pumba iwe konzi moja au mbili za kuongezea, si sahani. Majani ya muhogo yanyaushwe kwanza, kwa sababu mabichi yana sumu, na yasiwe chakula cha dume cha kila siku. Nyumba ya mbuzi ifagiwe, na kama inawezekana iinuliwe juu ya miti ili mkojo upite chini.

Kwa kondoo wa Idi, kunenepesha kwa miezi miwili kwa majani, nyasi na pumba kidogo ni salama kuliko kumjaza pumba majuma matatu ya mwisho. Sheria ya dini inataka mnyama wa kuchinja asiwe na ugonjwa unaoonekana. Kondoo anayejikaza na kutoa matone ya damu asubuhi ya Idi ameleta hasara mbili.

Kuazima dume nako kuna adabu yake. Wakati dume wa Lusangi anapelekwa kwa majike wa kijiji kingine, au mtu wa Samba ananunua dume sokoni Kipaka, chini ya tumbo paangaliwe mbele ya pesa kutolewa: mlango wa mfuko, mapumbu yote mawili kama yako sawa na hayana uvimbe wa moto, na mkojo unatoka namna gani. Dume mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuingia kundini. Anayemshika mbuzi mgonjwa aoshe mikono kwa sabuni, na mwenye kidonda mkononi avae mfuko safi wa plastiki, kwa kuwa magonjwa fulani ya mbuzi yanapita kwa watu.

Veterineri hayuko katika kila kijiji, na barabara za Kabambare zinajulikana. Lakini kila teritware ina ofisi ya serikali ya kilimo, uvuvi na ufugaji, ITAPEL, na ni vizuri wafugaji wa kijiji wajue mbele ya ugonjwa ni nani wa kuita na anapatikana wapi. Kutafuta namba ya simu wakati mbuzi anajikaza ni kupoteza zile saa chache zilizobaki.

Na kuna watu wengine wanaojua habari mapema kuliko wote: watoto wanaorudisha mbuzi jioni. Wao ndio wanaona ni dume gani amebaki nyuma, ni nani amesimama muda mrefu akikojoa matone, ni nani amekataa majani. Mara nyingi hawasemi kwa sababu hakuna anayewauliza, au wanaona haya kutaja sehemu hiyo mbele ya wakubwa. Mzazi anayeuliza kila jioni, "Madume wamekojoa vizuri?" anapata jibu siku moja mapema, na siku hiyo moja ndiyo inayomwacha mbuzi akiwa hai.